Mashine ya msasa ya duara: kuichagua, kuishika na kutoa kazi safi kwenye mbao ngumu

Meza ya mninga ikipigwa klia, ile rangi angavu ya kumalizia, jioni chini ya taa ya karakana, inapendeza. Kesho yake mteja anaiweka sebuleni, jua la saa mbili linaingia dirishani kwa ubavu, na hapo ndipo vinapojitokeza: viduara vidogo, mamia kwa mamia, kama maandishi ya mtoto anayejifunza herufi e bila kuinua kalamu. "Fundi, hivi ni vya nini?" Swali hilo niliulizwa na mama mmoja aliyekwisha kunilipa pesa yote mkononi. Jibu la kweli lilikuwa fupi: nilikandamiza mashine. Nikakwangua klia yote, nikaanza upya, na faida ya kazi ile ikaishia kwenye karatasi za msasa.

Mfano nitakaoshika hapa ni uso wa meza ya watu sita, urefu mita 1.8 na upana sentimita 90, wa mninga. Ukiweza kuulainisha huo bila doa, mlango, kitanda na kabati havitakushinda.

Kwanza ujue kinachoendelea chini ya mkono wako

Sahani ya mpira iliyo chini ya mashine haikufungwa katikati ya ekseli ya mota. Imefungwa pembeni kidogo, tena juu ya beringi yake yenyewe. Mota ikizunguka, sahani inafanya kazi mbili kwa mpigo: inayumba kwa kasi, kwa mashine nyingi kati ya mara 4,000 na 12,000 kwa dakika, na wakati huohuo inajizungukia yenyewe, taratibu zaidi. Miendo hiyo miwili haijafungamana. Kwa hiyo punje moja ya msasa hairudii njia iliyopita, na mikwaruzo inatawanyika kila upande mpaka jicho haliioni.

Sasa zingatia: kule kujizungukia hakusukumwi na gia yoyote katika mashine za kawaida. Sahani inabebwa tu na msuguano wa beringi. Ukiegemea mashine, sahani inakwama na kuacha kuzunguka, lakini kuyumba kunaendelea. Punje zinaanza kuchora duara lilelile mahali palepale. Hivyo ndivyo vile viduara vya mezani kwa mama vilivyozaliwa, na kosa lenyewe karibu kila mara hufanywa na mtu anayetaka kumaliza haraka.

Ukitaka kuona, chora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani, washa mashine juu ya ubao wa taka, kisha ongeza mkandamizo polepole. Mstari ulikuwa ukizunguka hata huuoni. Ghafla utaanza kuuona ukitembea, halafu umesimama. Mkandamizo ule ulioufikia kabla mstari haujaonekana ndio mwisho wa nguvu unayoruhusiwa kutumia. Kwa mikono mingi ni uzito wa mashine pamoja na uzito wa mkono uliolegea, basi.

Kwa nini si grenda

Najua. Karakana nyingi, kuanzia Keko ya Dar es Salaam hadi Gikomba ya Nairobi, grenda ndiyo inayovalishwa sahani ya msasa. Ni rahisi, ipo, na inakula mbao kweli. Lakini grenda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika kwenye mhimili mmoja, na ukingo wake unachimba. Uso wa meza unatoka na mabonde usiyoyaona mpaka klia ikauke na kuakisi dari. Grenda ibaki kwenye kazi za kuchonga viti vya kukalia na kutoa rangi kwenye magogo. Ile mashine ya msasa ya mraba inayobana karatasi kwa klipu nayo ni nzuri ya kumalizia pembe, ila ukiipa mninga uliotoka msumenoni utazeeka nayo.

Kuchagua: "yenye nguvu" maana yake nini?

Muuzaji atakuonyesha wati. Wati ni muhimu, ila zinasomwa pamoja na namba nyingine mbili: kipenyo cha sahani na upana wa myumbo, yaani sahani inayumba milimita ngapi.

Mashine za kushika kwa kiganja zina sahani ya milimita 125 na wati kati ya 250 na 350. Makita BO5041, kwa mfano, ni wati 300. Bosch GEX 125-1 AE ni wati 250. Myumbo wao hauzidi milimita tatu. Hizi ndizo zinazofaa fundi wengi: nyepesi, unaweza kuzitumia kwenye ubavu wa kabati bila mabega kulalamika, na zinaacha uso mzuri. Mashine ya sahani ya 150 ina eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 44 (piga hesabu ya duara utaona), hivyo inataka mota kubwa zaidi, na nyingi zina myumbo wa milimita tano au zaidi. Myumbo mkubwa unakata haraka na kuacha mkwaruzo mkubwa. Myumbo mdogo unakwenda polepole na kuacha uso laini. Kama kazi yako ni milango na meza kubwa kila wiki, chukua ya 150 yenye myumbo wa tano. Kama ni kila kitu kidogo kidogo, ya 125 inatosha, na pesa inayobaki inunulie msasa mzuri.

Kuna daraja la juu zaidi: mashine zenye swichi ya kuhamia kwenye mzunguko wa gia. Hapo sahani inasukumwa kwa nguvu na haikwami hata ukiegemea. Festool Rotex RO 150 ya wati 720 na Makita BO6050 ya wati 750 ni za aina hiyo. Kwa kutoa vanishi ya zamani au kusawazisha mbao zilizogandishwa kwa gundi, hakuna kinachoshindana nazo. Ni nzito, na kwa mkono usiozoea zinavuta. Usianze na hizo.

Hata ya bei ndogo isikose kirekebisha kasi. Bila hicho utachoma rangi, utayeyusha velkro inayonasa karatasi ya msasa kwenye sahani, na kulainisha katikati ya mikono (tabaka) ya klia hakutawezekana.

Ukinunua iliyotumika

Soma kibati kabla hujasikia sauti ya mota. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotoka Japani imeandikwa 100, ya Marekani 120, na zile za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110, zenye plagi kubwa ya njano ya duara. Mimi niliwahi kununua moja ya njano kwa bei ya kutupa, nikakata plagi, nikafunga ya pini tatu bapa. Ilipiga kelele kama ya pikipiki kwa sekunde chache, halafu moshi. Kama unayo transfoma ya kushusha umeme, na ina wati za kutosha, zinunue kwa furaha. Kama huna, ziache.

Kibati kikiwa sawa, washa mashine hewani. Sahani izunguke kwa utulivu. Ikianza kukimbia kama feni, kile kipete cha mpira kinachoizuia kimeisha. Sahani ya namna hiyo ikigusa ubao inachimba kabla hujatulia. Kipete kinabadilishwa kwa bei ndogo, kwa hiyo kitumie kushusha bei. Zima, shika sahani uitingishe: mchezo wa pembeni unamaanisha beringi imekwisha. Mwisho chungulia matundu ya hewa wakati inafanya kazi. Cheche ndogo za bluu kwenye kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ni kawaida, ila pete nzima ya moto wa rangi ya chungwa si ya kawaida.

Za betri? Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 inabeba wati-saa 90. Mashine inayokula wati 250 itaimaliza kwa dakika kama ishirini. Kwa kufungia kazi nyumbani kwa mteja ni raha, kwa uso mzima wa meza utahitaji betri tatu na chaja isiyolala.

Msasa ndio unaokata

Hapa ndipo watu wanapobania pesa, na ndipo pesa inapopotea. Mashine inayumba tu. Kinachokata ni punje. Karatasi ya bei ya chini inamwaga punje zake ndani ya dakika mbili, na punje kubwa moja iliyong'oka ikabingirika chini ya sahani inachora viduara kama vile vya kukandamiza.

Angalia herufi P kabla ya namba. P ni kipimo cha Ulaya. Msasa wa Marekani usio na P unakaribiana nao kwenye namba za chini, ila juu wanaachana: 320 ya kule ni laini kama P400. Ukichanganya pakiti mbili bila kujua, utashangaa kwa nini hatua moja haionyeshi kazi.

Punje ya P80 ina wastani wa maikromita 201, P120 ni 125, P180 ni 82. Kila namba inatakiwa kufuta mashimo ya ile iliyoitangulia. Ukiruka kutoka 80 kwenda 180, punje za 82 zinapewa kazi ya kufuta mashimo ya 201: zitang'arisha vilima na kuacha mabonde. Mbao itapendeza ukiipapasa, na klia itakuumbua.

Kwa mninga uliopigwa randa vizuri, anza na P80, kisha P120, kisha P180. Ulioacha alama za msumeno au gundi iliyovuja, anza na P60. Kwa klia na vanishi sioni sababu ya kupita 180, au 220 kwa mtu mwenye moyo wa kung'ang'ania. Kwa mafuta ya kupaka, nenda 240 au 320. Kama unataka kutia rangi ya maji, simama 150 au 180. Ukizidisha, uso unakuwa kama kioo na mbao hainywi rangi sawasawa.

Kila mti na tabia yake. Mtiki una mafuta, unaziba msasa mapema, na una silika inayomaliza makali ya vyuma. Mvule wakati mwingine unaficha vijiwe vya chokaa ndani, ukisikia mlio wa kukwaruza usiendelee kusukuma. Paini, ile ya Sao Hill na kwingineko, ina mistari laini na mistari migumu ikipishana. Sahani laini inachimba ile laini na kuacha migumu imesimama kama matuta ya viazi, kwa hiyo ifungie sahani ngumu. Vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao iliyogundishwa juu ya ubao, nyingi za siku hizi hazifiki hata milimita moja: anza na P150 au zaidi, au usitumie mashine kabisa.

Kazi yenyewe

Panga matundu ya karatasi yalingane na matundu ya sahani. Wengi hawahangaiki na hili. Tundu likizibwa, vumbi linabaki kati ya msasa na mbao, na wewe unasugua vumbi.

Hatua ya kwanza: funga meza isitikisike, kimo chake kiwe usawa wa nyonga ili mkono udondoke wenyewe. Kisha chora uso wote kwa penseli, mistari ya ovyo kutoka ukingo hadi ukingo. Penseli ni msimamizi asiyelala: alama zikiisha zote, namba hiyo imefika kila mahali, zikibaki kwenye bonde, bonde umelijua.

Hatua ya pili: laza sahani yote juu ya ubao, halafu ndipo uwashe. Kuishusha ikiwa imekwisha kushika kasi ni kuomba shimo. Kuzima ni kinyume chake: inua kwanza, zima baadaye, isubiri isimame kabla hujaiweka chini.

Hatua ya tatu ni kasi ya mkono, na hapa nitakaa kidogo. Sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Ni polepole kuliko unavyodhani. Hesabu "moja, mbili, tatu, nne" na uwe umetembea sentimita kumi tu. Nenda kufuata nyuzi za mbao, kila mstari ukikanyaga nusu ya uliotangulia. Kwa sahani ya 125, meza yetu ya mita 1.8 kwa 0.9 inatoka karibu dakika 17 kwa kila namba. Namba tatu ni dakika 51, ukianza na P60 ni kama saa moja na dakika nane. Kwa mashine ya wati 300 hiyo ni theluthi moja ya uniti ya umeme wa LUKU. Anayekuambia amemaliza meza kama hiyo kwa robo saa amekuwa akipapasa.

Usiinamishe sahani kwenye ukingo ili "kukazia" doa. Doa likigoma, panua eneo, rudi namba ya nyuma, shuka pamoja na majirani zake. Pembeni mwa meza theluthi moja tu ya sahani itoke nje ya ubao. Ikizidi hapo mashine inaanguka na kukata kona ya mviringo ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Kwenye mikunjo na miguu iliyochongwa, weka sponji katikati ya sahani na msasa, na ushushe kasi.

Hatua ya nne: kabla ya kubadili namba, ondoa vumbi lote. Vuta kwa vakyumu au pangusa kwa brashi, kisha kitambaa. Punje moja ya 80 iliyobaki itakusindikiza mpaka 180. Chora penseli tena. Rudia.

Hatua ya tano ndiyo inayotofautisha. Weka tochi ya simu ilale mezani, mwanga utambae juu ya uso, uzime taa nyingine. Kisha, mashine ikiwa imezimwa na kuwekwa mbali, pangusa kwa kitambaa chenye tina (thinner ya rangi) kidogo. Kwa nusu dakika mbao itaonekana kama itakavyokuwa chini ya klia, na mkwaruzo wowote utasimama. Zungushia penseli penye kasoro. Tina ikikauka kabisa, rudi hapo kwa namba iliyotangulia.

Malizia kwa mkono. Chukua P180 ileile, ifunge kwenye kipande cha ubao chenye sponji, pita mara kadhaa ukifuata nyuzi. Dakika tano. Mikwaruzo midogo iliyobaki yote inalala upande mmoja na nyuzi zinaificha. Hata mashine ya bei kubwa haijanifanya niiache hatua hii.

Kama utatumia vanishi ya maji, loanisha uso kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke kabisa, vinyweleo vitasimama. Vifute kwa P220 kwa mkono, kidogo tu. Katikati ya mikono ya klia au sanding sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya klia), P320 kwa kasi ya chini kabisa, na kingo zote kwa mkono. Kwenye kingo klia ni nyembamba kuliko popote, na mashine inatoboa kwa pumzi moja.

Vumbi

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya pua na mianya yake. Kabla ya kufika huko, vumbi la mvule na mninga linatosha kukuletea muwasho, mafua yasiyoisha na pumu. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi lile dogo linaloelea. Vaa barakoa ya FFP2 iliyobana usoni.

Ila barakoa ni ngao ya mwisho. Dawa ni kufyonza pale vumbi linapozaliwa. Kifuko kinachokuja na mashine kinashika kiasi tu. Vakyumu inafanya kazi kubwa zaidi, na msasa unadumu kwa sababu hauzibi. Mdomo wa vakyumu usipolingana na wa mashine, kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kinaunganisha vizuri. Angalizo: vakyumu yenye nguvu kupita kiasi inaivutia sahani kwenye ubao, mashine inaanza kurukaruka na sahani inakwama, nawe unarudi kwenye vile viduara vyetu. Punguza mvuto mpaka mashine iteleze.

Mwaga kifuko kila jioni, hasa ukilainisha klia au mafuta: vumbi hilo likirundikana linaweza kujipasha moto lenyewe. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke, usiyafunge donge na kuyatupa kwenye takataka za mbao. Na kabla ya kulainisha mbao kuukuu, pitisha sumaku. Msumari mmoja unararua karatasi na kupeleka cheche moja kwa moja ndani ya kifuko.

Kuitunza

Velkro ya sahani huuawa na joto, na joto hutoka kwenye kukandamiza na kuitumia mashine bila msasa juu yake. Vijiti vyake vikiyeyuka katikati, karatasi zinaruka. Badilisha sahani, usizigundishe kwa gundi kama nilivyoona mtu akifanya. Puliza matundu ya mota kila wiki. Kaboni zifungue kila baada ya miezi michache ya kazi nzito, na zikifika karibu milimita tano badilisha zote mbili pamoja, hata kama moja bado inaonekana ndefu. Zile za zamani usizitupe mpaka mashine imewaka, maana umbo la kaboni za dukani hubishana na nafasi yake, na utahitaji ya zamani mkononi kumwonyesha muuzaji.